Waviking Wamejaa Kwenye Gemu. Shela Je?

Hebu muulize msee yeyote wa gemu kuhusu Waviking. Atakutajia Odin, Valhalla, shoka la mikono miwili, ngao ya duara na ile pembe inayopulizwa kabla watu hawajaanza kukatana. Merikebu yao atakueleza mpaka inavyojengwa, maana ashaijenga mwenyewe kwenye Valheim. Sasa muulize kuhusu Vita vya Shela. Wengi watakwambia Shela ni bichi ya watalii.

Mimi niko Mokowe, upande wa bara, pale ambapo anayekuja Amu kwa basi lazima ashuke apande boti. Kutoka hapa mpaka Shela ni safari fupi ya maji. Kwa hiyo swali hili naliona kila siku kwa macho: kwa nini kijana wa hapa anajua vita vya watu wa Norway kuliko vita vilivyopiganwa ng'ambo ya pili tu?

Jibu rahisi ni kusema wazungu wana pesa. Ni kweli wanazo. Lakini ukifuatilia gemu za Waviking zilikotoka, utakuta jambo lingine ambalo linatuhusu zaidi sisi tusio na pesa.

Tuanze na Waviking wenyewe. Kwa kawaida enzi yao huhesabiwa kuanzia mwaka 793, waliposhambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne kule Uingereza, hadi 1066, mfalme wa Norway Harald Hardrada alipouawa kwenye vita vya Stamford Bridge. Ni miaka 270 na kitu. Wakati huohuo, kisiwani Pate, kulikuwa na mji unaitwa Shanga. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980 akakuta msikiti umejengwa juu ya msikiti, na ule wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8. Yaani Lindisfarne inashambuliwa, watu wa Shanga tayari wanaswali, wanavua na kufanya biashara ya bahari.

Na kuna uzi unaowaunganisha. Kule Scandinavia zimefukuliwa dirhamu za Kiarabu kwa maelfu mengi, fedha zilizopita mito ya Urusi kutoka nchi za Kiislamu. Shanga nako zikapatikana sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu, zilizotengenezwa hapahapa pwani. Mviking na Mswahili walikuwa kwenye ncha mbili za soko moja kubwa. Mmoja ameingia kwenye gemu, mwingine kabaki kwenye ripoti ya wachimbaji.

Halafu kuna zile kofia zenye pembe. Waviking hawakuzivaa vitani. Zilipata umaarufu kupitia mavazi ya jukwaani ya opera ya Wagner, Ujerumani, mwaka 1876. Kwa hiyo hata huyu Mviking tunayemjua ametengenezwa. Kuna watu walikaa wakamchora, wakamshonea nguo, wengine wakamrudia na kumrudia mpaka dunia nzima ikamzoea. Umaarufu wa historia ni kazi ya mikono.

Sasa twende kwenye gemu. Kwa wanaopenda mapigano ya karibu, upanga kwa upanga, jina moja haliepukiki: Mount & Blade. Haikutoka Marekani wala Uingereza. Ilitoka Ankara, Uturuki, kwa Armağan Yavuz na mkewe İpek, walioanza mradi wao kama watu wawili tu. Waliuza toleo la majaribio kwenye intaneti gemu ikiwa bado haijakamilika, wachezaji wakanunua, wakatoa maoni, na pesa hiyo ikasaidia kazi kuendelea. Gemu kamili ikatoka 2008. Mwaka 2010 ikaja Warband, ambayo watu wengi wangeweza kupigana pamoja kwenye uwanja mmoja.

Utamu wa Warband uko kwenye mkono. Unapiga kwa njia nne: kutoka juu, kushoto, kulia, au unachoma. Anayejikinga kwa silaha bila ngao lazima asome pigo linakuja wapi na akinge upande huohuo. Akikosea upande, kaumia. Hakuna kubonyeza ovyoovyo. Picha zake si za kutisha, na kompyuta ya kawaida inaibeba.

Lakini kilichoifanya ikae miaka mingi ni kwamba waliiacha wazi. Mchezaji anaweza kufungua mafaili, akabadilisha ramani, nguo, silaha na hadithi, akatengeneza gemu yake ndani ya gemu ya mtu. Hizo huitwa modi. Kundi moja la mashabiki likatengeneza modi inaitwa Brytenwalda, kuhusu visiwa vya Uingereza katika karne ya 7. Walibishana kuhusu aina za ngao, majina ya falme, na mahali pa kila kijiji. Kazi yao ikawa nzuri hivi kwamba TaleWorlds, kampuni yenyewe, ikawapa nafasi rasmi. Desemba 2014 ikatoka Viking Conquest, pamoja na meli na vita vya baharini. Ilipotoka ilikuwa na kasoro nyingi na wachezaji walipiga kelele. Mwaka 2015 likaja toleo lililorekebishwa. Hivyo ndivyo moja ya gemu bora za Waviking ilivyopatikana: watu waliopenda historia waliichezea bure mpaka ikakubalika kama kazi.

Hata Valheim, iliyotoka Februari 2021, ilitengenezwa na timu ya watu 5 Uswidi. Ndani ya kama mwezi mmoja ilikuwa imeuza nakala milioni 5. Na ilikuwa na uzito wa GB 1 hivi. Nyinyi mnaonunua bando mnanielewa.

Sasa vuka nami mpaka Shela.

Wanahistoria huviweka Vita vya Shela kati ya 1812 na 1814. Upande mmoja Pate, mji wa masultani wa Kinabahani, pamoja na Wamazrui wa Mombasa. Upande wa pili Amu. Pate ilikuwa imezoea kuwa mkubwa wa visiwa hivi, na Amu ilikuwa imechoka. Jeshi la Pate na Mombasa likaja kwa majahazi, likashuka Shela. Waamu wakawakabili pale mchangani, wakawarudisha nyuma. Masimulizi ya huku yanasema walipokimbilia majahazi yao, maji yalikuwa yamekupwa. Vyombo vimekaa juu ya mchanga, havitoki. Wengi wakafia pale, na wazee wamekuwa wakisimulia mifupa iliyobaki kwenye vilima vya mchanga vya Shela.

Kilichofuata kilibadilisha pwani nzima. Amu, ikiogopa kisasi, ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, naye akaleta liwali wake. Ngome ya Lamu, ile tunayopigia picha, ikakamilika 1821 kwa msaada wa Waomani. Pate haikurudi tena kwenye nguvu zake. Mwaka 1837 Wamazrui nao wakaangushwa Mombasa. Siku moja ya maji kupwa ilisaidia kumfungulia mlango sultani aliyekuja kutawala kutoka Zanzibar.

Niambieni kama hiyo si gemu.

Fikiria mnachezaje. Kwenye kona ya skrini kuna maji badala ya saa. Maji yanapanda, yanashuka, na kila hatua unayopiga kwenda ndani ya mchanga inakuweka mbali na chombo chako. Mtu wa huku hahitaji kufundishwa hilo. Boti za kwenda Pate zimezoea kusubiri maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda. Mtoto wa Mokowe anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kuandika jina lake. Huo ni ujuzi wa gemu ambao mtengenezaji wa Uswidi hana.

Mapigano je? Tuna kirumbizi. Wakati wa Maulidi au arusi, ngoma na zumari vinalia, watu wanafanya duara, wawili wanaingia kati na bakora. Mmoja anapiga, mwingine anakinga, wanazungukana, wanasomana macho. Kumbuka zile njia nne za Warband. Mzee anayecheza kirumbizi vizuri anajua kusoma pigo kabla halijaanza. Mrekodi huyo kwa simu, pande zote, na umepata miondoko ambayo hakuna gemu nyingine inayo.

Pembe ya vita? Kwenye Makumbusho ya Lamu kuna siwa mbili, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Amu ya shaba. Merikebu? Kulikuwa na mtepe, mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Na ile tabia ya wachezaji kutukanana kabla ya mechi? Zahidi Mngumi, kiongozi wa Amu enzi hizo, alikuwa mshairi, na Amu na Mombasa zilirushiana mashairi ya vita kabla na baada ya silaha. Zile dharau zilikuwa na vina na mizani. Sisi siku hizi tunaandika "mbovu wewe" tunaona tumemaliza.

Najua pia ugumu wake, na hapa ndipo tunapaswa kuwa makini kuliko waliotengeneza za Waviking.

Kwanza, nani atakuwa adui? Hakuna mtu anayepanda boti moja na mjukuu wa Harald Hardrada. Lakini hapa gatini Mokowe, mtu wa Pate, mtu wa Amu na mtu wa Mombasa wanabeba mizigo pamoja kila asubuhi, wameoana, wana wajukuu wa pamoja. Gemu inayomfanya Mpate kuwa dubwana la kuuawa itakuwa uchochezi tu, na kaunti hii imeshaona damu ya kutosha. Kwa hiyo vita vilevile vichezwe pande zote mbili. Ukiwa Amu, kazi yako ni kulinda mji. Ukiwa Pate, kazi yako ni ngumu zaidi: kuwafikisha wenzako kwenye majahazi kabla maji hayajakupwa, ukijua huwezi kuwabeba wote. Atakayecheza upande huo hatacheka mifupa ya Shela tena.

Pili, utumwa. Waviking waliteka watu na kuwauza, Dublin ilikuwa soko, lakini kwenye gemu nyingi hilo hupitwa harakaharaka ili ubaki shujaa. Sisi tusifanye hivyo. Mashamba ya bara yaliyolisha Amu katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na wengi waliotoroka walikimbilia Witu. Nawe ukitengeneza Amu yenye nyumba nzuri za mawe bila kuonyesha nani alilima chakula, umetengeneza kofia ya pembe nyingine.

Kuna atakayesema haya ni ndoto. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi. Mwaka 2015 Nairobi X ikatoka Nairobi. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Cameroon ikatoa Aurion, gemu ya mapigano yenye ulimwengu uliojengwa kwa hadithi za Kiafrika. Njia imeshakanyagwa na watu wa bara hili.

Ila mimi sisemi tuanze na kampuni. Wale wa Brytenwalda hawakuanza hivyo. Warband bado inachezwa, bado iko wazi, na meli za Viking Conquest zinaonyesha kuwa vita vya majini vinawezekana ndani yake. Anza na ramani moja: Shela, vilima vya mchanga, ufuo, majahazi matatu. Mmoja ajifunze kuchora kanzu na ngao. Mwingine akae na bibi yake arekodi masimulizi ya Pate, mwingine ya Amu, na pale yanapopingana muyaandike yote mawili. Anayejua kuimba ashike mashairi. Anayejua maji ashike maji. Itakuwa mbovu mwanzoni, watu watacheka, mtarekebisha.

Wazee wanaojua vita hivi kwa masimulizi wanapungua, na wajukuu wao wako kwenye simu na kompyuta. Tusipopeleka Shela huko waliko, itabaki bichi. Mwenye laptopu na muda, njoo gatini tuzungumze. Angalia maji kwanza.