Mwacha Asili: Bibi Zetu Wasiokuwemo Kwenye Shajara



Kila Ijumaa baada ya sala, sisi watoto wa ndugu hukutana Al Khoud nyumbani kwa shangazi yetu mkubwa. Kahawa inamiminwa, halua inakatwa, na Kiswahili kinazungumzwa mpaka alasiri. Ijumaa moja mtoto wetu mmoja wa skuli alikuja na kazi aliyopewa na mwalimu: achore shajara ya ukoo wake. Tukamsaidia kwa furaha. Fulani bin fulani bin fulani, tukapanda vizazi saba bila ya kusita mpaka tukafika kwenye kijiji cha Sharqiya alikotoka mzee wetu kwenda Pemba. Mtoto akaitazama karatasi, akauliza: "Na mama zao?"

Tukatazamana. Shangazi akainua buli la kahawa na kuuliza nani hajapata.

Swali lile ndilo lililotufanya tuanze kutafuta, na tuliyoyapata tunapenda tugawane nanyi.

Waingereza wanaotafuta khabari za wazee wao wa mashamba wana bahati moja kubwa. Tangu mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kwa hivyo hata mjukuu wa mkulima asiyejua kusoma anaweza kumpata bibi yake kwenye kijiji kidogo. Sisi hatuna daftari la namna hiyo. Hata makaburi hayatusaidii sana, kwani wazee wetu wengi wa Kiibadhi wamelala chini ya mawe matupu yasiyo na jina.

Lakini si kweli kwamba hatuna maandishi. Wazee wetu walikuwa watu wa waraka. Aliyekopa aliandika, aliyeuza aliandika, aliyeweka wakfu, aliyeusia na aliyemwacha mtumwa huru, wote waliandika. Chukueni mfano wa bei ya khiyari: mtu anayehitaji fedha anauza shamba lake la mikarafuu, huku akibaki na haki ya kulikomboa akirudisha fedha katika muda waliokubaliana. Waraka kama huo hutaja jina la muuzaji na nasaba yake, jina la mnunuzi, mashahidi, na mipaka ya shamba: kaskazini fulani, mashariki fulani. Karatasi ya deni, ukiisoma vizuri, inakuonyesha majirani wa mtaa mzima. Karatasi nyingi za aina hii, pamoja na za ubalozi mdogo wa Uingereza na za mahakama, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, kule Kilimani.

Na huku Oman, mwaka 2007 iliundwa mamlaka ya nyaraka na hifadhi za taifa, ambayo pamoja na kazi zake nyengine hupokea karatasi za watu binafsi. Kiko pia kitabu cha Sheikh Said bin Ali Al-Mughairi, Juhaynat al-Akhbar, kilichotolewa na Wizara ya Turathi mwaka 1979, chenye khabari nyingi za makabila ya Kiarabu yaliyokaa Unguja na Pemba. Na vijijini msiyasahau maji. Fungu la falaj hupimwa kwa athari, ambayo ni kiasi cha nusu saa, na fungu hilo hurithiwa, huuzwa na huwekwa wakfu. Mzee aliyepanda jahazi kwenda Afrika hakwenda na maji yake. Basi mwulizeni wakili wa falaj. Huenda jina la babu yenu bado linatajwa kijijini kwa ajili ya nusu saa ya maji.

Sasa tulifikie lile swali la mtoto. Katika karatasi za mirathi na wasia wanawake wamo. Wake wamo kwa nasaba zao, na mabinti wamo kwa mafungu yao. Na wamo wengine walioandikwa jina moja tu, bila ya "binti fulani": Faida, Zafarani, Mabruka. Hawa ni masuria na mahuru. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 hukumu ya utumwa ikafutwa kisheria, lakini masuria hawakuingizwa katika amri ile. Walingoja mpaka mwaka 1909. Kwa sheria yetu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru, ana nasaba na anarithi sawa na ndugu zake. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliandika waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1886 kwamba mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi. Kama binti wa mfalme hakuona haya, sisi tunaficha nini?

Tulipomwambia shangazi hivyo hakuyapenda maneno yetu. "Mambo hayo yamekwisha, wanangu. Mnayafukua ya nini?"

Haifai kumlaumu. Kizazi chake kilitoka Zanzibar baada ya Januari 1964 mikono mitupu. Walipofika Muscat baada ya 1970, mlango wa kuingilia ulikuwa kabila. Waliosema Kiswahili kuliko Kiarabu wakaitwa Wazinjibari, na nani angependa kuulizwa swali jengine tena mlangoni? Kunyamaza kulikuwa ndiyo ngao yao.

Miezi ikapita. Siku moja akatuita, akafungua sanduku lake, akatoa wasia wa babu yake ulioandikwa Pemba, umekunjwa ndani ya kanga. Tukamsomea. Kulikuwemo mstari mmoja: Faida, mama wa mwanangu, apewe nyumba anayokaa na mikarafuu kumi. Shangazi akasema polepole, "Huyo ndiye aliyemzaa baba. Nimemdiriki. Akisema kwao kuna ziwa, maji hayaonekani mwisho wake."

Ziwa lipi, Nyasa au Tanganyika, hakumbuki, na hapana karatasi itakayotwambia. Aliyeulizwa kwa wakati angejibu.

Wazee wetu wamezoea kutwambia: mwacha asili ni mtumwa. Tumeitumia methali hiyo miaka mingi kuhifadhi upande mmoja wa asili, na tumeuacha ule mwengine kwa kuogopa hilo neno la mwisho.

Basi ndugu zetu, aliyezaliwa Unguja au Pemba na kuondoka akiwa kijana leo ni mzee sana. Kaeni naye. Rekodini sauti yake, andikeni majina nyuma ya picha, pigeni nakala za karatasi kabla mchwa hawajazila. Na mkichora shajara, andikeni na mama, hata kama jina ni moja tu.

Shajara ya mtoto wetu ilirudi skuli ikiwa na Faida. Shangazi ndiye aliyemwonyesha pahala pa kuliandika. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, wenye nasaba ndefu na wenye jina moja. Amin.