MSIMULIZI WA OPERA KATIKA REDIO: HISTORIA YA KUSEMA NA KUNYAMAZA

Utangulizi

Opera ni sanaa iliyoundwa kwa ajili ya macho na masikio kwa pamoja. Ndani yake mna ushairi, muziki, uigizaji, maleba na mapambo ya jukwaa, na kila kimojawapo hukitegemea kingine. Redio, kwa upande wake, ni chombo cha sikio peke yake. Sanaa hiyo ilipopelekwa hewani mwanzoni mwa karne ya ishirini, ilipoteza nusu ya mwili wake. Tena, kwa kuwa opera nyingi huimbwa kwa Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa, wasikilizaji wengi wa nchi nyingine hawakubakiwa hata na maana ya maneno. Palihitajika mtu wa kuliziba pengo hilo kwa lugha, naye ndiye msimulizi.

Aghalabu historia ya matangazo ya muziki wa klasiki wa Ulaya huelezwa kwa kuwataja waimbaji mashuhuri na viongozi wa okestra. Makala haya yanamfuata msimulizi, hasa nchini Uingereza na Marekani, kwa kusudi la kuonyesha kwamba kazi yake haikuwa pambo la matangazo. Kwa sehemu kubwa ni kazi hiyo iliyoamua iwapo sanaa ya watu wachache wenye uwezo wa kununua tikiti ingeweza kuwa mali ya umma.

Sauti kabla ya msimulizi

Jitihada za kuitoa opera nje ya ukumbi wake zilitangulia redio. Katika Maonyesho ya Umeme yaliyofanyika Paris mwaka 1881, fundi Clément Ader alipanga vinasa sauti vya simu kando ya jukwaa la Opera, na wageni wa maonyesho wakasikiliza waimbaji kwa vifaa viwili, kimoja kwa kila sikio. Tarehe 13 Januari 1910, Mmarekani Lee de Forest alirusha hewani sauti ya Enrico Caruso kutoka jumba la Metropolitan Opera, New York. Sauti iliyopokewa ilikuwa hafifu, na wenye vyombo vya kuipokea walikuwa wachache.

Katika majaribio hayo mawili kilichopimwa kilikuwa chombo. Ilitosha msikilizaji kushangaa kwamba anasikia. Kama anaelewa au haelewi halikuwa swali la mtu yeyote. Dalili ya mabadiliko ilionekana Buenos Aires tarehe 27 Agosti 1920, wakati Enrique Susini na wenzake walipoitangaza Parsifal ya Wagner kutoka ukumbi wa Teatro Coliseo. Kabla ya muziki kuanza, Susini mwenyewe aliwaamkia wasikilizaji kwa Kihispania na kuwaambia ni kitu gani watakachosikia. Maneno yalikuwa machache, lakini yalimkiri msikilizaji kuwa ni mtu anayestahili kuelezwa.

Uingereza na lugha ya wasikilizaji

BBC ilianza kutangaza tarehe 14 Novemba 1922, ikiwa bado kampuni ya watengenezaji wa vyombo vya redio. Haikutimiza miezi miwili kabla ya kuwekwa maikrofoni katika jumba la Covent Garden, London. Tarehe 8 Januari 1923 opera ya Mozart iitwayo Die Zauberflöte, yaani “Zumari la Ajabu”, ilitangazwa kutoka hapo moja kwa moja. Hayo ndiyo yaliyokuwa matangazo ya kwanza ya BBC kutoka nje ya studio zake.

Yafaa izingatiwe ni opera gani iliyofungua mlango huo. Mozart aliitunga mwaka 1791 kwa ajili ya ukumbi wa kitongojini mwa Vienna, na Emanuel Schikaneder akaiandikia maneno ya Kijerumani, lugha ya watazamaji wake, katika zama ambazo Kiitaliano kilitawala opera za majumba ya wafalme. Nayo British National Opera Company, kundi lililoiimba mwaka 1923, lilikuwa na desturi ya kuimba kwa Kiingereza. Kwa hiyo opera ya kwanza kurushwa kutoka Covent Garden ilikuwa kazi iliyotungwa kwa lugha ya watu wake, ikaimbwa kwa lugha ya wale walioipokea. Suala la lugha lilikuwamo katika matangazo hayo tangu siku ya kwanza.

Kiongozi wa BBC wakati huo, John Reith, aliamini kwamba redio ina wajibu wa kufikisha katika kila nyumba yaliyo bora kabisa. Msikilizaji alilipa shilingi kumi kwa mwaka kuwa ada ya leseni, awe mchimba makaa au mwenye kasri. Tarehe 1 Januari 1927 kampuni hiyo iligeuzwa kuwa shirika la umma, na mwaka huo huo ikachukua dhamana ya Proms, matamasha ya muziki ya kila mwaka jijini London, yaliyokuwa yamepoteza mfadhili wake. Mwaka 1930 ikaunda okestra yake yenyewe chini ya Adrian Boult.

Juhudi hizo zilikwenda sambamba na uangalizi wa lugha. Mwaka 1926 BBC iliunda kamati ya kuishauri kuhusu Kiingereza cha kutamkwa, mwenyekiti wake akiwa mshairi Robert Bridges, na katibu wake mwanafonetiki Arthur Lloyd James. Baadaye uenyekiti ulishikwa na George Bernard Shaw. Kamati ilishughulikia zaidi maneno ya Kiingereza yenye matamshi ya kutatanisha, lakini mtangazaji wa muziki alikuwa na mzigo wa ziada: katika saa moja aliweza kukutana na jina la Kicheki, la Kirusi na la Kiitaliano. Akilitamka kwa lafudhi ya wenyewe, huenda msikilizaji asilitambue. Akiliingiza moja kwa moja katika sauti za Kiingereza, wajuzi watamcheka. Tatizo hilo analifahamu vyema kila mtangazaji wa Kiswahili anayesoma habari za dunia.

Kulikuwa pia na swali la fedha. Mwaka 1930 Waziri wa Fedha, Philip Snowden, aliidhinisha ruzuku ya opera iliyopitia mikononi mwa BBC, kiasi cha paundi 17,500 kwa mwaka. Upinzani ulikuwa mkali, kwani nchi ilikuwa katika mdororo wa uchumi na watu wengi hawakuwa na kazi. Iliulizwa kwa nini fedha za umma zigharimie starehe ya wenye nafasi. Ruzuku hiyo haikudumu. Hata hivyo swali lenyewe lilikuwa na jibu moja tu la kuridhisha: kwamba opera si starehe ya wenye nafasi tena, iwapo anayeisikiliza jikoni kwake anaielewa. Hapo ndipo uzito wa msimulizi ulipodhihirika.

Marekani: somo la kunyamaza

Huko New York, mkurugenzi wa Metropolitan Opera, Giulio Gatti-Casazza, aliikwepa redio kwa muda mrefu kwa kuchelea kwamba sauti ingeharibika. Mdororo wa uchumi ulimlazimisha kubadili msimamo. Tarehe 25 Desemba 1931 mtandao wa NBC ulitangaza opera ya Kijerumani ya Engelbert Humperdinck, Hänsel und Gretel, kutoka jumba hilo.

Ili msikilizaji asipotee, NBC ilimpa mtunzi na mhakiki Deems Taylor kazi ya kueleza mambo yanayotendeka jukwaani. Taylor alieleza wakati muziki ukiendelea. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yalikuwa kinyume, kwani sauti ya maelezo iliufunika uimbaji na wasikilizaji wakalalamika. Maelezo ya juu ya muziki yakaachwa, na ikawa kanuni kwamba msimulizi atasema kabla ya pazia kufunguliwa, wakati wa mapumziko, na baada ya pazia kufungwa. Muziki ukianza, atanyamaza.

Kanuni hiyo ni ndogo kwa kuitaja, ila ilibadili asili ya usimulizi wenyewe. Anayesimulia mchezo wa mpira husema tendo linapotokea, na usemi wake hukimbizana na tendo. Msimulizi wa opera alinyang’anywa nafasi hiyo. Ilimbidi aseme mapema yale yatakayotokea baadaye, tena ayapange hivi kwamba msikilizaji ayakumbuke kwa nusu saa au zaidi bila kukumbushwa. Alilazimika kuchagua tukio lipi litajwe na lipi liachwe, na mhusika yupi atambulishwe kwa jina na yupi kwa sauti yake. Kwa maneno mengine, alimjengea msikilizaji jukwaa akilini, kisha akajiondoa.

Aliyeifanya kazi hiyo kuwa fani ni Milton Cross, aliyekuwa mtangazaji wa Metropolitan tangu siku hiyo ya mwaka 1931 hadi alipofariki Januari 1975. Kabla ya kila tendo alisimulia kisa, akaeleza mandhari na mavazi. Mwishoni akaeleza waimbaji walivyojitokeza mbele ya pazia kupokea makofi. Mwaka 1947 kilitolewa kitabu cha visa vya opera kwa jina lake. Kwa hiyo usimulizi uliozaliwa na upungufu wa chombo ulijipatia maisha yake katika maandishi.

Matokeo ya kazi hiyo yalionekana mwaka 1940. Jumba la Metropolitan lilikuwa mikononi mwa wenye hisa, na uongozi wa opera ukaomba msaada wa umma ili kulinunua. Zilipatikana dola zipatazo milioni moja, na takriban theluthi moja ilitoka kwa wasikilizaji wa redio. Wengi wao waliishi mbali na New York, na jukwaa walilolichangia walilijua kwa maneno ya msimulizi tu. Desemba mwaka huo kampuni ya mafuta ya Texaco ilianza kuyadhamini matangazo ya kila Jumamosi, na udhamini huo ukaendelea hadi mwaka 2004. Mfumo huo ulikuwa wa kibiashara, tofauti na ule wa Uingereza. Lakini siku hizi matangazo hayo hurushwa na vituo vingi vya redio ya umma, na usimulizi wake bado unafuata njia ya Cross.

Kwa wote au kwa wajuzi?

Tarehe 29 Septemba 1946 BBC ilianzisha idhaa mpya, Third Programme, iliyokusudiwa sanaa na fikra za kiwango cha juu. Opera iliweza kutangazwa nzima bila kukatizwa na ratiba. Lakini wasikilizaji wake walikuwa wachache, na palizuka hoja kwamba idhaa hiyo inazungumza na wajuzi peke yao. Mwaka 1957 saa zake zilipopunguzwa, wasomi na wasanii walipinga, miongoni mwao mshairi T. S. Eliot na mtunzi Ralph Vaughan Williams. Mwaka 1967 mtandao huo uliitwa Radio 3, jina ulilo nalo hadi leo.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Waliopinga walisema kweli kwamba kitu bora hakipimwi kwa idadi ya wanaokipenda. Waliopunguza saa nao walikuwa na haki ya kukumbusha kwamba kila mwenye leseni amelipa. Lililosahauliwa mara nyingi ni kwamba umbali kati ya pande hizo ulikuwa kwa kiasi fulani umbali wa lugha. Mtangazaji anayetaja jina la opera na mwaka wa kutungwa kwake husema na aliyekwisha kujua. Anayesimulia kisa humkaribisha asiyejua.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika suala hili redio ilikuwa mbele ya ukumbi. Aliyenunua tikiti aliketi miaka mingi akitazama opera ya lugha asiyoijua, asipate msaada ila kijitabu cha maneno. Ni mwaka 1983, mjini Toronto, ambapo kundi la Canadian Opera Company lilianza kuonyesha tafsiri juu ya jukwaa wakati wa kuimba. Msikilizaji wa redio alikuwa ameelezwa kisa chake zaidi ya miaka hamsini kabla ya hapo.

Hitimisho

Historia hii ni ya Ulaya na Amerika, lakini tatizo lililomo si geni Afrika ya Mashariki. Katika taarab, maana ya ubeti haimo katika maneno peke yake. Mtu anapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji katika ubeti fulani, waliohudhuria hujua fumbo limemlenga nani. Taarab hiyo ikisikika redioni, msikilizaji hupata sauti na maneno kamili, lakini haoni aliyeinuka. Naye pia, ijapokuwa lugha ni yake, amepoteza nusu ya sanaa. Usimulizi wa namna hiyo, wenye kumpa msikilizaji anachokosa bila kuufunika wimbo, ni uwanja unaostahili kuchunguzwa na wataalamu wa Kiswahili.

Tangu maamkizi ya Susini hadi Jumamosi za Milton Cross, msimulizi wa opera alithibitisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba sanaa haiwi mali ya umma kwa kurushwa hewani tu. Huwa hivyo pale inapoelezwa kwa lugha ambayo umma unaimiliki. La pili ni kwamba maelezo mazuri yana mpaka. Deems Taylor alisema mengi ya kweli mwaka 1931, lakini aliyasema wakati watu walitaka kusikia wimbo.