Evans, mpiga picha wa makanisa makuu

Frederick H. Evans (1853–1943) alikuwa muuza vitabu jijini London kabla hajajulikana kwa picha za ndani ya makanisa makuu ya Uingereza, kama Ely na Wells. Alikuwa akikaa siku nyingi kutazama jua linavyopita kwenye nguzo. Aliomba viti viondolewe ili jicho lipande bila kizuizi kutoka sakafuni hadi darini. Katika picha yake mashuhuri ya mwaka 1903, “Bahari ya Ngazi”, hamna mtu. Mna vidato vya mawe vya Wells, vilivyolika kwa nyayo hata vikafanana na mawimbi. Alisafisha picha kwa karatasi za platinamu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozifanya adimu na ghali, aliacha upigaji picha.