Simba wa Hollywood na Chura wa Kongo



Asimamaye ufukweni Rumonge, anga linapotakata, huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tangu zamani pwani hizi mbili zimepelekeana samaki, mawese, vitenge na nyimbo. Hata hivyo, jina la Jean-Michel Kibushi, Mkongo aliyezaliwa mwaka 1957 na kuwa mtengenezaji wa sinema za katuni, halikuvuma kama lilivyovuma jina la simba mmoja aliyechorwa Marekani.

Simba huyo alitoka katika kampuni ya Disney mwaka 1994, katika sinema iitwayo The Lion King. Mtoto wa Rumonge hakuhitaji mkalimani kuyafahamu majina ya Simba na Rafiki, wala maneno "hakuna matata". Sinema ikatunukiwa Oscar mbili. Mwaka 2003 kampuni hiyo ikasajiliwa huko Marekani kuwa mwenye alama ya biashara ya maneno hayo kwenye mavazi, maneno ambayo mchukuzi yeyote wa bandarini huyatamka bila malipo!

Jambo hili lina historia. Tuzo ya Oscar ya katuni fupi ilianza kutolewa mwaka 1932, na aliyeipata kwanza alikuwa Disney. Ilipita miaka 30 ndipo katuni ya nchi nyingine, Surogat ya Dušan Vukotić wa Yugoslavia, ilipopewa tuzo hiyo mwaka 1962. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alitoa Bon voyage Sim, juu ya rais wa jamhuri ya vyura aliyekwenda ziara. Wakubwa wa Hollywood hawakushughulika nayo. Mabadiliko yamekuja polepole mno. Mwaka 2025 ndipo Flow, sinema ndefu ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa programu ya kompyuta itolewayo bure, ilipozishinda sinema za kampuni kubwa.

Kibushi naye aliunda studio yake mwaka 1988 na kuiita Malembe Maa. Malembe, kwa Kilingala, ni polepole, na jina lilistahili, kwani sekunde moja ya sinema hula picha 24. Mwaka 1991 alitoa kisa cha chura aliyekwenda ukweni, hadithi ya Watetela. Laiti angeishia hapo, angehesabiwa kuwa mtu wa ngano tu.

Lakini tarehe 23 Septemba mwaka huo huo, askari wa miavuli wa kambi iliyo karibu na kiwanja cha ndege cha Ndjili, Kinshasa, waliasi kwa sababu ya mishahara. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mshahara wa askari wa Zaire ulikuwa umeliwa na kupanda kwa bei. Walichofanya kwa bunduki zao ni jambo jingine. Maduka, maghala na nyumba za watu ziliporwa, raia wakajiunga, na majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia kuwaondoa wageni. Wenye hasara kubwa walikuwa wakazi wasiokuwa na pa kuondokea.

Kibushi alichukua michoro ya watoto juu ya siku zile, akaifanya itembee. Sinema hiyo, Septembre noir, yaani Septemba Nyeusi, ilitoka mwaka 1992. Ni fupi, na haina fahari ya rangi za Hollywood. Lakini ndani yake mwenye sare huonekana kama alivyoonwa na mtoto wa mtaani, na ushahidi wa namna hiyo haupatikani katika taarifa za makamanda. Kampuni kubwa haina faida ya kuchora jambo kama hilo.

Mwaka ule ule wa 1992 Disney ilitoa Aladdin, nayo ikapata Oscar mbili mwaka uliofuata. Mwezi Januari 1993, askari wa Kinshasa walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakazikataa noti hizo, na uporaji ukaanza tena.