Upatanisho wa Majina

Vitabu vimemwandika Tippu Tip, Tippoo Tib na Tippu Tib. Yeye mwenyewe, alipoeleza maisha yake kwa Kiswahili, alijitambulisha kuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, na maelezo hayo Heinrich Brode aliyachapisha Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wote hao ni mtu mmoja, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Unguja mwaka 1905. Mkutubi mzoefu anajua. Kompyuta haijui mpaka iambiwe, na kazi ya kuiambia ina istilahi yake.

Wakutubi wanaotumia Kiingereza wameipa jina ambalo likifasiriwa neno kwa neno linatoa "udhibiti wa mamlaka". Nimeliona likitumiwa hivyo hivyo, nami silikubali. Msomaji wetu akikutana nalo atadhani ni habari ya Bunge kuibana serikali. (Na kwa wengi wetu, mamlaka ni ile inayotoza kodi.) Ubaya zaidi ni kwamba linaashiria kuna mkubwa fulani anayeamua nani aitwe nani, wakati katika kamusi elezo inayohaririwa na kila mtu, kama Wikipedia, mkubwa huyo hayupo.

Kinachofanyika hasa ni hiki. Mtu hupewa kumbukumbu moja. Juu yake linawekwa jina lililokubaliwa. Chini yake yanaorodheshwa majina yake mengine yote, la utani, la ubatizo, la ndoa, na tahajia za kila namna. Anayetafuta kwa lolote kati ya hayo anafikishwa mahali pamoja. Wikipedia hufanya hivyo kwa kurasa za kuelekeza. Wikidata, hazina ya data iliyoanzishwa mwaka 2012, ilikwenda mbali zaidi: kila mtu ana namba inayoanza na herufi Q, na namba hiyo haibadiliki hata jina likibishaniwa mwaka mzima. Nayo VIAF inaunganisha orodha za majina za maktaba za taifa, ili aliyeorodheshwa Paris ajulikane kuwa ndiye huyo huyo wa Washington.

Wapo wanaopendekeza "usanifishaji wa majina". Neno ni zuri na tumelizoea tangu enzi za kusanifisha Kiswahili, lakini kusanifisha ni kuteua umbo moja na kuyaacha mengine, na hapa hakuna linaloachwa. Mimi nachagua "upatanisho". Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili amesoma upatanisho wa kisarufi: kivumishi na kitenzi hubeba viambishi vya nomino moja, kila kimoja kwa umbo lake. Kumbukumbu zilizotawanyika nazo zinapatana kwa mtu mmoja bila kulazimika kufanana. Kasoro ipo, kwa kuwa sarufi za zamani ziliita nomino "jina", hivyo "upatanisho wa majina" unaweza kumpeleka mwalimu wa lugha kusikokusudiwa. Panapohitajika, tuongeze "ya watu" na tuendelee.

Ugumu wa kweli uko katika kuchagua jina la juu. Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alibatizwa Aden mwaka 1867, akaolewa na Heinrich Ruete, na kumbukumbu zake za mwaka 1886 zikasomwa Ulaya kama za Emily Ruete. Kanuni inasema litangulie jina linalotumika zaidi katika vyanzo. Vyanzo vya nani? Vingi ni vya Ulaya, na kuvihesabu tu ni kuamua kesi kabla ya kuisikiliza. Katika kamusi elezo ya Kiswahili ningemweka Salme juu, Emily Ruete akaelekezwa kwake.

Kuna pia mpangilio wa alfabeti. Katalogi za Ulaya humweka Shaaban Robert kwenye R, kana kwamba Robert ni jina la ukoo. Ni jina la baba yake. Hata "bin" huchukuliwa na programu nyingi kuwa jina la katikati.

Tarehe nazo hupatanishwa, ila kwa njia nyingine, maana mtu anaweza kuwa na majina matano lakini hazaliwi mara mbili. Mwaka wa kuzaliwa wa Tippu Tip, wengine huandika 1832, wengine 1837. Mhariri hana ruhusa ya kuchukua wastani. Wikidata inakubali miaka yote miwili ikae pamoja, kila mmoja na chanzo chake, na inaruhusu mmoja upewe daraja la juu ikiwa chanzo chake kina uzito zaidi. Inaruhusu pia kusema kwamba tunajua mwaka tu, au muongo tu. Hilo si jambo dogo: programu nyingi zikipewa mwaka mtupu hujaza 1 Januari, na baada ya muda watu wanaanza kuamini siku hiyo. Kalenda ya Hijria huongeza mtego mwingine. Mwaka 1253 ulianza Aprili 1837 ukaisha Machi 1838, kwa hiyo anayeubadilisha bila kujua mwezi anapaswa kuandika miaka miwili, si mmoja.

Basi wewe unayehariri, kabla hujafungua makala mpya ya mtu wa pwani, mtafute kwanza kwa bin na bila bin, kwa nisba (kama el-Murjebi), kwa jina la utani na kwa herufi za Kiarabu. Ukimkuta, usianzishe wa pili. Ongeza jina lililokosekana, na chanzo ulikolipata.