Santuri Moja, Bendi Mbili

Santuri ndogo yenye upana wa inchi 7 ina nyuso mbili. Kwa desturi ya biashara, uso wa kwanza hupewa wimbo unaotumainiwa kuuzika, na uso wa pili hupewa wimbo wa kuusindikiza. Lakini vijana wa Japani waliopiga panki ya gereji, hasa katika miaka ya 1990, waliifuata pia desturi nyingine, iliyokwisha kuenea katika panki ya nchi nyingi: bendi moja ilichukua uso mmoja, na bendi nyingine ikachukua uso wa pili. Hapo hapakuwa na bwana wala mtwana. Kila upande ulikuwa wa kwanza kwa wenyewe.

Asili ya muziki huu ni ya zamani kuliko vijana hao. Roki ya gereji ni jina litokalo Marekani, ambako katika miaka ya 1960 vijana wengi walijifunza kupiga magitaa katika vibanda vya kuwekea motokaa za wazazi wao. Japani nayo ilikuwa na homa yake. Ziara ya bendi ya Ventures mwaka 1965 iliwafanya vijana wengi watamani gitaa la umeme, na mwaka 1966 Beatles walipiga katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo. Wazee walishtuka. Mwaka 1965 wakuu wa elimu wa mji wa Ashikaga waliwakataza wanafunzi magitaa hayo, kana kwamba waya sita zingeweza kupindua adabu ya taifa. Bendi za aina hiyo zilishamiri, kisha zikafifia miaka ya 1970 ilipoanza.

Kitu kilichosahauliwa na wauzaji si lazima kisahauliwe na wasikilizaji. Mwaka 1972 Marekani ilitoa mkusanyo ulioitwa Nuggets, na mwaka 1983 ukaanza mfululizo wa Back from the Grave. Yote miwili ilifufua nyimbo za bendi ndogo zilizokwisha kuzikwa. Ladha hiyo ilikuwa na wapenzi Tokyo pia. Bendi ya wanawake iitwayo The 5.6.7.8's ilianza mwaka 1986, na Guitar Wolf mwaka 1987. Teengenerate ikafuata mapema katika miaka ya 1990. Mwendo wao ulikuwa mmoja: nyimbo fupi, gitaa lenye kukwaruza, sauti iliyonaswa bila kusafishwa.

Ajabu ya historia hii iko katika wakati wake. Japani ndiyo nchi ambayo mwezi wa Oktoba 1982 ilianza kuuza santuri mpya isomwayo kwa mwali wa leza, ambayo watu huiita sidii. Viwanda vya santuri za sindano vilianza kufungwa. Sony, mmoja wa waanzilishi wa sidii, iliacha kukandamiza santuri za zamani mwaka 1989, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilibaki kwa kiwanda kimoja, Toyokasei cha Yokohama, kilichoanzishwa mwaka 1959. Basi vijana wa nchi iliyoongoza katika kuiaga sindano ndio walioing'ang'ania sindano. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ung'ang'anizi huo haukuwa wazimu mtupu, maana ulikuwa na hesabu yake. Ili kutengeneza santuri, sauti huchongwa katika sahani laini. Sahani hiyo hufunikwa kwa madini, na kutokana nayo hupatikana kalibu ya kukandamizia plastiki iliyopashwa moto. Gharama ya kuchonga ni ileile, zikitengenezwa santuri 300 au 3,000. Mzigo huo humwelemea mnyonge. Bendi mbili zikishirikiana, kila moja hubeba nusu, na kila moja hupata wasikilizaji wa mwenzake, kwa kuwa anunuaye kwa ajili ya uso mmoja hataacha kuugeuza wa pili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena umbo lenyewe liliufaa muziki: mfuo wa sauti kubwa huhitaji nafasi pana, na uso wa inchi 7 uzungukao mara 45 kwa dakika hubeba vizuri dakika chache tu. Wimbo wa dakika mbili wenye makelele ulipata humo nyumba iliyoutosha.

Santuri ndogo ilikuwa nyepesi, na posta iliipeleka mbali. Teengenerate ilitoa nyingi kwa kampuni ndogo za ng'ambo, na mwaka 1994 Crypt, kampuni ileile ya Back from the Grave, ikaitolea santuri ndefu, Get Action! Mwaka mmoja kabla, mpiga gitaa wa Memphis, Eric Friedl, alikuwa amezindua kampuni ya Goner kwa santuri ya Guitar Wolf, Wolf Rock! Hivyo muziki ulioondoka Marekani ulirudi Marekani kutoka Japani, nao ukazaa kampuni katika mji uliosifika kwa roki tangu miaka ya 1950.

Walakini ushirika huu ulipatwa na mashaka yake. Kitu kilichotengenezwa kwa uchache ili kiwe rahisi kwa maskini, uchache wake ukakifanya ghali kwa wote. Santuri zilizouzwa kwa vijana mlangoni mwa kumbi sasa husakwa na wakusanyaji wenye fedha, na nyingine huwekwa kabatini zisiguswe na sindano. Faida nayo imerudi kukitazama ilichokitupa: mwaka 2018 Sony ilianza tena kukandamiza santuri.

Hata hivyo ushahidi umebaki. Bendi nyingi za aina hii hazikuandikwa magazetini wala hazikuishi miaka mingi. Kwa baadhi yao, uso mmoja wa santuri ya shirika ndio maisha yote yaliyohifadhiwa. Uso huo haungekuwapo kama bendi ya pili isingetoa nusu ya gharama. Atakayeisikiliza santuri ya namna hiyo na kuigeuza, mkononi mwake mna hati ya mapatano ya wanyonge wawili, ambayo kila mmoja aliitia sahihi kwa sauti yake.