Kushoto Nako Kufundishwe

Roma, 8 Julai 1990, dakika ya 85. Andreas Brehme anatenga mpira kwenye nukta ya penalti na kuupiga kwa mguu wa kulia. Ujerumani Magharibi inatwaa Kombe la Dunia kwa bao 1-0 dhidi ya Argentina. Beki huyo huyo alisifika pia kwa mashuti ya kushoto. Baba yake alimnoa miguu yote miwili tangu utotoni.

Huko Uholanzi, mazoezi ya aina hiyo yalikuwa yameshageuzwa kuwa somo kamili. Wiel Coerver, kocha aliyeipa klabu ya Feyenoord Kombe la UEFA mwaka 1974, alikataa dai kwamba ufundi ni wa kuzaliwa nao tu. Alitazama filamu za nyota, akazikatakata chenga zao vipande vidogo vya kufundishia watoto.

Katika mazoezi hayo, kila mwanafunzi hupewa mpira wake. Huusukuma kwa upande wa ndani wa mguu, kulia kwenda kushoto na kurudi, magoti yakiwa yamelegea. Kisha nyayo hupokezana juu ya mpira, tap-tap, kama mtu anayepanda ngazi bila kufika popote. Chenga iliyofanywa kwa kulia hurudiwa kwa kushoto, na hapo ndipo mipira huanza kutoroka na vicheko kusikika.

Mwaka 1984, Alfred Galustian na Charlie Cooke, winga wa zamani wa Chelsea, waliyageuza mawazo ya Coerver kuwa programu iliyosambaa hadi Marekani na Japani.